Njiti: macho na ubongo
Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37. Mishipa ya damu ya retina yake bado inakua, nayo hufika ukingoni karibu na wiki ya 40 tangu mimba. Oksijeni ikizidi, ukuaji husimama. Baadaye mishipa mipya huweza kuota ovyo, ikavuta retina hadi ikabanduka. Ugonjwa huu ulielezwa Marekani mwaka 1942. Muda wa kuutibu kwa leza ni mfupi mno, kwa hiyo njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32, apimwe macho takriban wiki ya nne baada ya kuzaliwa hata akionekana mzima.

Ubongoni, mishipa laini huweza kupasuka siku za mwanzo. Mara nyingine jicho ni zima, ila ubongo hautafsiri kinachoonekana. Wazazi wengi hawaelezwi hili, nalo ni jambo zito.

Kwa mfano, mama mwenye njiti anayeishi Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, hospitali yake ya rufaa ya mkoa ni Mount Meru. Idara kubwa ya macho iko hospitali ya KCMC, Moshi. Mei Mosi 2024, sherehe za kitaifa zikifanyika Arusha, serikali ilitangaza kuwaongezea likizo waliojifungua njiti.