Suti ya Sufu (Beuys)

Suti ya Sufu, kwa Kijerumani Filzanzug, ni kazi ya msanii Mjerumani Joseph Beuys (1921–1986) iliyotolewa mwaka 1970 katika nakala 100. Ni koti na suruali vya rangi ya kijivu, vilivyoshonwa kwa sufu iliyoshindiliwa, vikitundikwa ukutani kwenye henga bila mtu ndani. Kielelezo chake kilikuwa suti ya Beuys mwenyewe, ila mikono na miguu imerefushwa, hivyo nguo inaning'inia kama ya mtu aliyekonda ghafla. Beuys aliivaa mwaka huohuo jijini Düsseldorf, katika onyesho alilofanya na Mmarekani Terry Fox.

Kwake sufu ilikuwa ulinzi na joto, na si la mwili tu. Alisimulia kwamba ndege yake ya kivita ilipoanguka Crimea mwaka 1944, Watatari walimpaka mafuta na kumviringisha sufu. Wanahistoria wengi hawaisadiki hadithi hiyo, ingawa bila hiyo suti hii haisomeki vizuri.

Nakala iliyonunuliwa na jumba la Tate, Uingereza, mwaka 1981 ilitobolewa na nondo hadi ikaondolewa kwenye mkusanyiko.