Mwana wa Kindu Jukwaani: Usiku wa Remmy Ongala kule Dar es Salaam

Bandugu wanachama, na ninyi wafadhili mnaotusoma kutoka mbali, mara hii tuache kidogo hesabu za mbegu na mabati. Vijana wa chama wameuliza mara mingi: ninyi wazee mliokaa Tanzania, mlikuwa munajuana namna gani kule, mji mkubwa vile, bila simu? Jibu langu mimi ni muziki. Na muziki huo ulikuwa na jina la mtu.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Ramazani ni jina letu kabisa la Maniema, toka zamani za Nyangwe na Kasongo. Mtoro nalo, tunajua maana yake: mtu aliyekimbia. Yeye hakukimbia vita kama sisi, alifuata gitaa, lakini kila nikifikiri jina hilo nacheka kidogo. Dunia ilimjua kwa jina la Remmy.

Kwa nini mwana wa Kindu aende Dar es Salaam, asiende Kinshasa? Watu wa Kinshasa hawaelewi swali hili, lakini sisi tunalielewa. Kutoka kwetu kwenda Kinshasa, barabara hakuna. Reli yetu inaangalia mashariki: Kindu, Kibombo, Kongolo, Kabalo, mpaka Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Ukivuka maji uko Kigoma, na Kigoma kuna reli ya Wajerumani iliyofika pale mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1.200 mpaka Bahari ya Hindi. Mtu wa Lubutu alipaswa kwanza kushuka na matope ya Punia mpaka Kindu, lakini akishafika stesheni, njia ilikuwa imeshachorwa. Na huko mwisho wa njia watu wanaongea Kiswahili, si Lingala. Wakati wa tamasha kubwa la Kinshasa, Septemba 1974, wakati Franco, Tabu Ley na James Brown walipanda jukwaa moja, sisi tuliambulia redio tu.

Basi wanamuziki wa mashariki walishuka na njia hiyo ao zinazofanana nayo. Maquis du Zaire walitoka upande wa Katanga, ikiitwa Shaba, wakafika Dar miaka ya 1970. Mzee Makassy alikuwa na orkestra yake pale pale, na mwaka 1978 akamwita Remmy, mtoto wa ndugu yake. Makassy alipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki, akaingia Matimila.  Vyombo vya Matimila vilikuwa vya mfanyabiashara. Njo ilivyokuwa kazi ya muziki kule: gitaa si lako, ngoma si yako, spika si zako. Ukikosana na mwenye vyombo, kesho uko njiani na nguo zako tu. Aliyeimba juu ya wanyonge alikuwa anajua anachokiimba.

Mimi nilikuwa nasukuma mkokoteni Kariakoo miaka hiyo. Mara ya kwanza nilipomwona, nilifika mapema juu ya kuogopa kukosa nafasi, na nikakaa saa mbili naangalia mafundi wakifunga waya. Ulikuwa uwanja wa baa, uzio wa makuti, viti vya chuma, unalipa mlangoni. Orkestra ilianza bila yeye. Rumba ya polepole, watu wakiwa wanakunywa, wawili watatu wanacheza. Halafu akatoka. Mtu mnene, nywele ndefu zimesokotwa, jasho limeshaanza kabla ya neno la kwanza.

Kwenye redio wimbo ni dakika chache. Ukumbini hauishi. Sehemu ya kwanza ni maneno, unasimama unasikiliza. Kisha magitaa yanageuka, yale tunayoita sisi sebene na wao wanaita chemko, na hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Katikati Remmy alikuwa anakata kuimba, anaongea. Anaongea kama mzee kwenye kilio: juu ya mtu asiye na pesa, juu ya kifo, juu ya mwanamke anayelilia mtoto. Muziki wake aliuita wa ubongo, na kweli nimeona watu wameacha kucheza wakamsikiliza tu, bia mkononi inapata moto. Watu wanapanda mbele na noti, wanambandika kwenye paji la uso, kule wanaita kutunza. Mimi sikuwa na noti ya kubandika. Nilikuwa na Kiswahili chake. Alivyotamka maneno fulani, masikio yangu yalijua: huyu ni wa kwetu. Wenyeji pale walituita Wazaire, na mara nyingine neno hilo lilikuwa na mwiba. Usiku ule mji mzima ulikuwa unamshangilia Mzaire.

Na pembeni, karibu na mlango, ndipo bana Maniema walipokutana. Hakuna aliyepanga. Mtu anasikia mwingine anasema neno moja la nyumbani, anageuka: wewe wa wapi, papa? Punia. Na wewe? Lubutu. Pale tulijua nani amepata kazi bandarini, nani amefiwa, nani anarudi na treni ya Kigoma na anaweza kubeba barua.

Mwaka 1988 Remmy alianza kupanda majukwaa ya Ulaya kwa mwaliko wa WOMAD, na mwaka 1989 sahani yake ilitoka kwenye studio za Peter Gabriel, Uingereza. Tulijivuna, ndiyo. Lakini jambo kubwa kwangu ni lile la mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipotunga «Mambo kwa Soksi». Soksi hapa si ya mguu, ni ile kinga ya wanaume. Ukimwi ulikuwa umeshatajwa Kagera tangu 1983, na mjini watu walikuwa wanakonda na kufa, wote wanasema ni kurogwa. Redio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo. Walisema nini kwa ndani, siwezi kuwasemea, lakini matokeo ni haya: ili uusikie, lazima upate kanda, ama uende ukumbini umwone mwenyewe akiuimba. Baba na mama wazima walicheka kwa haya, wakafunika uso, na walirudia kiitikio. Serikali ilikuwa na mabango yake, lakini mimi neno lile nililishika pale, nikiwa wima katikati ya watu, si kwenye bango.

Tulikuwa na yaya wetu mmoja wa hapa Lubutu, jina lake nalifunika kwa heshima ya watoto wake. Kwake wimbo ulikuja umechelewa. Alipoanza kuumwa, baadhi yetu tuliogopa hata kukaa naye kikombe kimoja. Usiku mmoja wa dansi, pale pale karibu na mlango, mtu alivua kofia akaipitisha. Kila mtu alitupa kitu. Ilitosha tiketi ya treni mpaka Kigoma, na meli, na chakula cha njia. Alifika kwa mama yake akiwa hai, akakaa naye mwezi na siku kadhaa. Kofia ile iliendelea kupita kila mwezi, mpaka tukatafuta mtu wa kuandika daftari. Wanaouliza chama chetu kilianzia wapi, wengine wanasema ni 1998, wengine wanasema ni baada ya kurudi. Mimi nasema ni kofia.

Baadaye vita vilisukuma ndugu wengine mpaka kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Hao walimjua Remmy kwa kanda na redio tu, na hawakubali ninapowaambia kwamba kanda si kitu. Basi tunabishana kila mkutano.

Mwishoni aliacha dansi, akaokoka, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kindu hakurudi kuishi.

Mtaa aliokaa uko Sinza, na kituo cha daladala kikachukua jina lake. Mwanachama wetu aliyepita kule kwa matibabu alituambia kwamba kondakta alipaza sauti, «Sinza kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?», na yeye akashuka, ingawa hakuwa anakwenda huko.