Majina ya Meno Baina ya Fiqhi na Tiba

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani kwamba kujua majina ya viungo ni kazi ya matabibu peke yao. Tukirejea historia tunakuta kinyume chake. Katika zama za Masahaba (r.a.) jina la jino liliweza kubadilisha haki ya mtu kutoka ngamia watano hadi ngamia mmoja.

Tuanze na majina yenyewe. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Waarabu huyaita manne ya katikati, mawili juu na mawili chini, thanaya. Yanayofuata pembeni ni rabaiyat, nayo ni manne. Kisha anyab, yaani machonge manne. Hayo ni 12. Yanayobaki ni 20, nayo ni adhras, yaani magego: dhawahik manne, yanayoonekana mtu anapocheka, tawahin 12, yanayosaga, na nawajidh manne, yanayoota mwisho na ambayo watu huyaita magego ya akili. Madaktari wa leo huyagawa hayo 20 kuwa magego madogo 8 na makubwa 12, lakini jumla ni ile ile.

Wapokezi wa habari za Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), waliyajua majina haya. Hawakusema tu kwamba jino la Mtume (s.a.w.) lilivunjwa, bali walilitaja kuwa ni rabaiya.

Ama katika fiqhi, imepokewa katika barua aliyoandikiwa Amr bin Hazm (r.a.) kwamba dia ya jino ni ngamia watano. Swali likazuka: je, gego nalo ni jino katika hukumu hii? Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alihukumu ngamia mmoja kwa kila gego, na Muawiya (r.a.) akahukumu watano. Said bin al-Musayyab, mwanachuoni wa Madina, akaona kwamba hukumu ya kwanza inapunguza dia na ya pili inaizidisha. Lau ingekuwa ni yeye, angeweka wawili.

Hebu tupige hesabu. Meno 12 ya mbele kwa ngamia watano watano ni 60. Magego 20 kwa mmoja mmoja ni 20, jumla 80. Kwa watano watano ni 100, jumla 160. Kwa wawili wawili ni 40, jumla 100, nayo ndiyo dia kamili ya mtu. Asiyejua idadi ya magego hawezi kufahamu kauli ya Said hata akiihifadhi kwa moyo.

Hata hivyo, Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa na Marwan aliyasawazisha meno yote, akapigia mfano vidole: manufaa yake yanatofautiana na dia yake ni moja. Hiyo ndiyo kauli aliyoishika Malik, nayo ni ya wanazuoni walio wengi.

Matabibu nao hawakuwa mbali na elimu hii. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mnamo 1013, alieleza katika kitabu chake al-Tasrif namna ya kukwangua ukoga mgumu ulioganda kwenye meno, akachora vyombo vyake. Alieleza pia kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, kwa kuwa fedha hubadilika na dhahabu haibadiliki. Mwanafunzi wa fiqhi atakumbuka hapa hadithi ya Arfaja (r.a.), ambaye pua yake ya fedha ilitoa harufu, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kwa hadithi hiyo wanazuoni waliruhusu kufunga meno kwa dhahabu.

Basi imamu anapoletewa shauri la jino lililovunjwa, asione haya kumuuliza daktari: ni jino gani, limevunjika hadi wapi, na je, ni la utotoni litakaloota tena? Kwani mafakihi wamesema jino la mtoto husubiriwa kwanza. Haki ya aliyejeruhiwa imefungamana na majibu hayo.

Wallahu aalam.