Maeneo bunge 290: kwa nini kura ya Shauri Moyo haina uzito wa kura ya Faza

Ukishuka matatu ya Jogoo Road kwenye soko la Burma, umeshafika Shauri Moyo. Ni mtaa wa zamani wa nyumba za baraza la jiji, na majirani zake ni Gikomba, Pumwani na Majengo, ambako watu wa Pwani wameishi tangu Nairobi ikiwa mji mchanga. Wapo huko wenye asili ya Lamu, ya Mombasa na ya Kwale, wengine kizazi cha tatu. Kila uchaguzi unapokaribia swali hurudi barazani: nijiandikishe hapa ninapolala, au nyumbani wanakozikwa wazee?

Wengi hulijibu kwa moyo. Lakini swali hili lina hesabu ndani yake, na inawahusu pia walioko Pwani ambao hawajawahi kuukanyaga mtaa huo.

Shauri Moyo iko ndani ya eneo bunge la Kamukunji, moja kati ya 17 ya Kaunti ya Nairobi. Kamukunji ina wadi tano: Pumwani, Eastleigh Kaskazini, Eastleigh Kusini, Airbase na California. Siku ya kura mkaazi wa huko hupewa karatasi sita kama mwenzake wa Likoni: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Ile ya mbunge ni ya kijani. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata akiwa hakufika nusu. Duru ya pili ni ya urais peke yake. Mgombea asiye na chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge hilo, na asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila ya kumhesabu Spika. Kati yao 290 hutoka maeneo bunge, 47 ni wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 huteuliwa na vyama. Idadi ya 290 imo ndani ya Katiba yenyewe, Kifungu cha 89. Hakuna tume wala waziri anayeweza kuongeza hata kiti kimoja. Anayetaka kuongeza sharti aibadilishe Katiba. Mpango wa BBI ulijaribu. Ulitaka maeneo bunge mapya 70, Nairobi ikipata 12, na Mombasa, Kilifi na Kwale zikipata mafungu yao. Mahakama ya Juu iliusimamisha tarehe 31 Machi 2022, na kuhusu maeneo bunge hayo ikasema wananchi hawakushirikishwa.

Tuje kwenye hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Ukiwagawa kwa 290, kila mbunge anapaswa kuwakilisha watu 164,015 hivi. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na kwa majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 40. Kwa hiyo eneo bunge la jijini lisizidi watu 229,621, na la sehemu kavu lisipungue 98,409.

Kaunti ndogo ya Kamukunji ilikuwa na watu 268,276. Imepita kikomo. Na si Kamukunji pekee: Nairobi nzima, watu 4,397,073 kwa wabunge 17, inatoa wastani wa watu 258,651 kwa kila mbunge. Maana yake wastani wa kaunti yenyewe umevuka mpaka ambao Katiba imeuweka kwa majiji.

Sasa tazama Lamu Mashariki, eneo bunge la wadi za Faza, Kiunga na Basuba. Sensa ile ilihesabu huko watu 22,258. Mbunge wa Kamukunji anabeba watu wa Lamu Mashariki mara kumi na mbili, na wote wawili wakiingia Bungeni kila mmoja ana kura moja. Mwaka 2022 viti vyote viwili vilichukuliwa na chama kimoja, Jubilee: Yusuf Hassan kwa Kamukunji na Ruweida Obo kwa Lamu Mashariki.

Hapo ndugu zetu wa Nairobi husema Pwani inapendelewa. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na wanaolisema huwa hawajafika mwisho wa hesabu. Kaunti sita za Pwani kwa pamoja zilikuwa na watu 4,329,474 na zina wabunge 26. Gawa watu hao kwa 164,015, utapata 26 na kidogo. Pwani kwa jumla ina haki yake kamili, haikuzidishiwa. Nairobi, yenye watu karibu sawa na Pwani yote, kwa hesabu hiyohiyo ingekaribia viti 27, na ina 17. Waliochukua viti vya Nairobi si sisi.

Kasoro ya Pwani iko ndani ya nyumba. Kwale ina watu 866,820 na wabunge wanne, yaani watu 216,705 kwa kila mmoja, juu ya kikomo cha asilimia 30. Mombasa, watu 1,208,333 kwa wabunge sita, ingestahiki saba. Kilifi ina saba na watu 1,453,787, ingekaribia tisa. Upande wa pili, Taita Taveta ina maeneo bunge manne kwa watu 340,671, ambao kwa mgao wa kawaida ni wa viti viwili. Tana River ina matatu kwa watu 315,943. Na Lamu yote, Mashariki na Magharibi pamoja, ilikuwa na watu 143,920. Kaunti nzima haijafikia kiwango cha eneo bunge moja la wastani.

Ilikuwaje Lamu ikabaki na viti viwili? Mwaka 2010 tume ya mipaka iliyoongozwa na Andrew Ligale ilipendekeza maeneo bunge 80 mapya juu ya 210 yaliyokuwepo. Embakasi ikakatwa mara tano. Kasarani ikatoa tatu, na Lang'ata, Dagoretti na Starehe zikagawanywa mbilimbili. Westlands, Makadara na Kamukunji zikaachwa zilivyo. Ndivyo Nairobi ilivyotoka maeneo bunge 8 ikafika 17. Pwani nayo ikatoka 21 ikafika 26. Katiba mpya ikaweka sharti la mpito: katika mapitio ya kwanza ya mipaka, eneo bunge lililokuwepo lisipotee hata kama watu wake hawatoshi. Lamu Mashariki na Lamu Magharibi zilinusurika kwa sharti hilo, pamoja na maeneo bunge mengine madogo ya bara na ya kaskazini. Mapitio hayo ya kwanza yalikamilika Machi 2012. Kinga ilikuwa ya mara moja.

Mapitio ya pili ndiyo yanayosubiriwa. Katiba inasema yafanyike kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12, na yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 bila ya kazi kufanyika. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haikuwa na makamishna wa kuifanya. Mwenyekiti wa zamani alimaliza muda wake Januari 2023, na tume mpya chini ya Erastus Edung Ethekon iliapishwa Julai 2025. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10.

Kwa watu wa visiwa hili si jambo la takwimu tu. Mbunge wa Lamu Mashariki akitaka kuwaona watu wake wa Faza, Kizingitini na Siyu hupanda boti, halafu Kiunga iko mpakani mwa Somalia, na Basuba ni nchi ya Waboni ndani ya msitu. Mbunge wa Kamukunji anaweza kuizunguka wadi kwa miguu kabla ya adhuhuri. Katiba yenyewe inaitaka tume izingatie jiografia, njia za mawasiliano, historia na uhusiano wa kijamii wa wakaazi, sio vichwa tu. Kwa maoni yangu Lamu ina hoja nzito hapo. Lakini hoja hiyo inaweza kuipeleka hadi asilimia 40 chini ya wastani, na Lamu Mashariki iko chini kwa zaidi ya asilimia 86. Wanaoahidi majukwaani kwamba viti viwili vya Lamu haviguswi wanaahidi kitu ambacho Kifungu cha 89 hakikitoi.

Fedha pia zimo. Hazina ya NG-CDF, inayolipa karo za wanafunzi na kujenga madarasa, imekuwa ikigawiwa kwa maeneo bunge, na mgao hauangalii kama eneo lina watu 22,000 au 268,000. Ndiyo maana mzazi wa Shauri Moyo anapanga foleni ndefu ya basari kuliko mzazi wa Faza. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba na ikaipa hadi tarehe 30 Juni 2026, na wabunge wakaanza kutafuta njia ya kuiingiza hazina hiyo katika Katiba yenyewe.

Kamukunji, kwa upande wake, haijawahi kuwa kiti cha kimya. Tom Mboya alianzia siasa zake za kura katika mitaa hii ya Eastlands. Mwaka 1961, akigombea Nairobi Mashariki, alipata kura zaidi ya 31,000 naye Dkt Munyua Waiyaki hakufika 3,000. Mboya alikuwa Mjaluo katika jiji ambalo Wakikuyu walikuwa wengi. Baadaye akawa mbunge wa Nairobi Kati, eneo ambalo leo ndilo Kamukunji, mpaka alipouawa tarehe 5 Julai 1969. Maina Wanjigi, aliyekuwa mbunge wa Kamukunji na waziri, alipoteza uwaziri mwaka 1990 baada ya kulalamikia kubomolewa kwa vibanda vya Muoroto. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, uwanja wa Kamukunji ukawa ndio uwanja wa Saba Saba. Na katika wazee sita walioanzisha FORD mwaka 1991 alikuwepo George Nthenge, aliyekuja kuwa mbunge wa Kamukunji 1992, na alikuwepo Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Jina la uwanja limeingia hadi Bungeni: wabunge wakifanya kikao chao cha faragha, hukiita kamukunji.

Kiti hiki pia kinafundisha jinsi kesi za uchaguzi zilivyobadilika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na mgogoro uliofuata, Simon Mbugua wa PNU ndiye aliyeingia Bungeni. Kesi ya kumpinga iliendelea mpaka 2011, Mahakama Kuu ilipoubatilisha ushindi wake. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 18 Agosti 2011, akashinda Yusuf Hassan, ambaye wasikilizaji wa zamani wa BBC watalikumbuka jina lake. Desemba 2012 alijeruhiwa vibaya kwa guruneti nje ya msikiti Eastleigh, na bado akachaguliwa tena 2013, 2017 na 2022. Watu wa Kamukunji, kwa hiyo, walikaa zaidi ya miaka mitatu na mbunge ambaye uchaguzi wake mahakama ilikuja kusema haukuwa halali. Chini ya sheria ya leo, kesi hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya IEBC kutangaza matokeo, na Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua.

Turudi kwa yule anayeuliza ajiandikishe wapi. Kura yake ya mbunge ikiwa Lamu Mashariki ni moja katika kapu dogo sana. Kura chache zinaweza kuamua. Ikiwa Kamukunji ni moja katika kapu kubwa, lakini atakayechaguliwa ndiye atakayeulizwa juu ya maji ya bomba, soko la Gikomba linaloungua kila mara, na basari ya mtoto anayesoma Nairobi. Kwa kura ya rais, mahali hapana tofauti. Kwa mwakilishi wadi tofauti ni kubwa kuliko zote, maana huyo ndiye wa karibu.

Kubwa ni kwamba mtu hawezi kuandikishwa sehemu mbili. Anayetaka kuhama daftari atakwenda na kitambulisho chake katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge analohamia, na sheria inataka aarifu tume si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027, hiyo ni kabla ya katikati ya Mei mwaka huo. Na tume itakapotangaza mipaka mipya, wakati wowote itakapokuwa, asiyeridhika ana siku 30 tangu kuchapishwa rasmi kwenda Mahakama Kuu. Wazee wa Faza na wa Kiunga waihifadhi siku hiyo 30 karibu na barua zao za mashamba.