Detekta Imelia, Dhahabu Iko Wapi? Matumizi ya Koili Ndogo na Pointa

Detekta ya madini imekuwa kifaa cha kawaida kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wapo wanaoimiliki kikundi, wapo wanaoikodi kwa siku, na wapo wanaofanya kazi na mwenye mashine kwa makubaliano ya kugawana kinachopatikana. Kwa wote hao, kila saa ina gharama yake.

Tatizo linaanza pale mashine inapolia. Watu wanachimba shimo pana, kifusi kinarundikwa pembeni, mlio unapotea, na mwisho kikundi kinaondoka kikisema mashine imedanganya. Mara nyingi mashine haijadanganya. Kipande kilitoka na beleshi la tatu au la nne, na sasa kiko ndani ya kifusi ambacho hakuna aliyekipima tena.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kutoka kwenye mlio hadi kwenye kipande chenyewe. Tutazungumzia koili ndogo, kifaa cha mkononi cha kupimia ndani ya shimo ambacho tutakiita pointa, na kijiko cha plastiki. Mwishoni tunajibu swali la mwenye fedha kidogo: aanze na kipi?

Mashine inasikia nini

Koili ni ile sahani iliyo chini ya detekta. Ndani yake kuna nyaya zinazopitisha umeme na kutengeneza nguvu ya sumaku kuelekea ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na chuma, shaba, risasi au dhahabu, inazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya kipande hicho. Kipande kinarudisha mwitikio wake, koili inaupokea, na wewe unasikia mlio.

Mwitikio huo unapungua haraka sana kadiri kipande kinavyokuwa mbali. Kwa hesabu za fizikia, kama kipande kidogo kiko mbali zaidi ya upana wa koili, umbali ukiongezeka mara mbili mwitikio unabaki sehemu moja tu kati ya 64 hivi. Ndiyo maana kuinua koili sentimita chache juu ya ardhi kunatosha kukupotezea kipande kidogo kabisa.

Mlio pia hauna jina. Msumari, kizibo cha soda, ganda la risasi na punje ya dhahabu vyote vinaweza kuifanya mashine ilie. Hata mawe yenye chuma kingi, yale mekundu na mazito, huiamsha.

Koili kubwa na koili ndogo

Wengi wanaamini kuwa koili kubwa ndiyo bora siku zote. Ukweli ni kwamba kila moja ina kazi yake.

Koili kubwa inafika chini zaidi kwa kipande kikubwa, na inafunika eneo kubwa kwa muda mfupi. Inafaa uwanja ulio wazi, usio na takataka za chuma, pale unapotafuta vipande vikubwa vilivyo chini.

Koili ndogo inakusanya nguvu yake sehemu moja. Ina faida nne:

1. Inasikia punje ndogo zilizo karibu na uso wa ardhi, ambazo koili kubwa inaweza kuzipita kimya.
2. Inatenganisha vitu vilivyo karibu. Msumari na dhahabu vikiwa jirani, koili kubwa inavisikia kama kitu kimoja, lakini ndogo inaweza kutoa milio miwili.
3. Inapokea usumbufu mdogo zaidi wa udongo wenye chuma, kwa sababu kila mara inapima udongo kidogo.
4. Inapita kati ya mawe, visiki na mashina ya majani, na ndani ya korongo jembamba.

Hasara yake ni mwendo. Koili ya duara yenye upana wa sentimita 20, yaani inchi 8, ina eneo ambalo ni kama theluthi moja tu ya lile la koili ya sentimita 35, yaani inchi 14. Kwa hiyo utapita mistari mingi zaidi, na kila mstari lazima upande kidogo juu ya ule uliotangulia ili usiache mapengo.

Njia nzuri kwa kikundi ni kuanza na koili kubwa kutafuta sehemu yenye dalili. Mkipata kipande kimoja au viwili mahali fulani, wekeni alama, badilisheni koili, kisha rudieni eneo lile lile taratibu kwa koili ndogo. Dhahabu mara nyingi haikai peke yake.

Kabla ya kununua koili, hakikisha inaingiliana na mashine yako. Koili hazibadilishani ovyo, hata zikitoka kampuni moja. Kwa mfano, koili ya Minelab GPX 5000 haifanyi kazi kwenye GPZ 7000. Kwa upande mwingine, detekta ndogo ya Gold Monster 1000 inauzwa ikiwa na koili mbili, moja ya inchi 10 kwa 6 na nyingine ya duara ya inchi 5. Fungua boksi na uhesabu vifaa kabla ya kulipa, kwa sababu soko la Afrika lina detekta na koili nyingi bandia.

Mfano wa Chunya

Wilaya ya Chunya mkoani Mbeya inaonyesha vizuri kwa nini koili ndogo ina maana. Dhahabu ya mchangani iligunduliwa katika eneo la Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wakichimba huko. Sehemu kubwa ya dhahabu waliyoitafuta ilikuwa kwenye mchanga na udongo wa juu, si ndani ya mwamba.

Ardhi ya namna hiyo ndiyo inayofaa detekta. Lakini pale ambapo watu wamechimba kwa karibu miaka 100, wameacha pia misumari, makopo, vipande vya nyaya na mabaki ya zana. Koili kubwa katika eneo kama hilo inalia karibu kila hatua. Koili ndogo inakuwezesha kusikia kilicho kati ya takataka hizo.

Kubana mlio kabla ya kuchimba

Kabla ya kugusa sururu, bana mlio mpaka ujue uko wapi hasa. Fanya hivi:

Kwanza, pitisha koili kushoto na kulia, ukiangalia ni wapi mlio uko juu kabisa. Chora mstari ardhini kwa kijiti.

Pili, zunguka robo ya duara, usimame upande mwingine, upitishe koili tena juu ya sehemu ile ile. Chora mstari wa pili. Mistari miwili inapokatana ndipo kipande kilipo.

Tatu, inua koili polepole huku ukiendelea kuipitisha. Eneo la mlio litakuwa dogo zaidi na zaidi, na utapata katikati kwa uhakika.

Hapa aina ya koili ina maana. Koili yenye nyaya mbili zinazopandana katikati hulia sana kwenye mstari wa katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Koili yenye mzunguko mmoja wa waya husikia vizuri zaidi kitu kidogo kilicho juu pale karibu na ukingo wake, hivyo kipande kimoja kinaweza kutoa milio miwili. Zika kipande kidogo cha risasi, kama chubwi ya nyavu, sentimita chache chini, uisikilize mashine yako mpaka uijue.

Faida ya kubana mlio inaonekana kwenye beleshi. Shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30 linatoa udongo wa lita 85 hivi, zaidi ya ndoo nne za lita 20. Shimo la upana wa sentimita 20 kwa kina hicho hicho linatoa lita 9 na kidogo, yaani chini ya nusu ndoo. Kwa milio 30 kwa siku, hiyo ni tofauti kati ya kurudi nyumbani na nguvu na kuishia katikati ya kazi.

Chimba pembeni kidogo ya alama, si juu yake. Ncha ya sururu ikigonga kipande cha dhahabu inaweza kukikata au kukikwaruza.

Pointa ndani ya shimo

Pointa ni kifaa chenye umbo la karoti, kinachoshikwa kwa mkono mmoja na kutumia betri. Kikikaribia chuma kinalia au kutetemeka, na mlio unaongezeka kadiri unavyosogea. Kati ya zinazojulikana ni Garrett Pro-Pointer AT ya rangi ya chungwa, na Minelab Pro-Find 35.

Uwezo wake ni mfupi kwa makusudi. Kwa sarafu, tarajia sentimita chache tu, tano hivi. Haikusudiwi kutafuta uwanjani. Kazi yake ni kukuambia kama kipande kiko ukutani mwa shimo, sakafuni au kwenye kifusi.

Mambo ya kuzingatia:

- Kwenye udongo mwekundu wenye chuma, pointa inaweza kulia bila sababu. Fuata maelekezo ya kuisawazisha na udongo kabla ya kuendelea.
- Pima sakafu ya shimo, kisha kuta zote nne, kisha kifusi. Wengi wanasahau kuta.
- Izime au iweke mbali unapotumia detekta, kwa sababu vifaa hivyo viwili vinaingiliana.
- Usitegemee kuwa itaona punje ndogo sana. Chini ya nusu gramu, pointa nyingi hukaa kimya.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza watu. Mtu anapima shimo kwa pointa, haisikiki, anafukia na kuondoka, kumbe punje ipo.

Kijiko cha plastiki

Kwa punje ndogo, kifaa cha uhakika ni cha bei nafuu kuliko vyote: kijiko kikubwa cha plastiki, au kidumu cha lita moja kilichokatwa. Kisiwe na msumari wala waya.

Pima shimo kwa detekta. Kama mlio umetoka, uko kwenye kifusi. Chota udongo wa kifusi, upitishe juu ya koili iliyolazwa chini. Ikiwa kimya, mwaga upande mmoja na uchote tena. Ikilia, mimina nusu ya udongo huo kwenye kiganja, na upime nusu iliyobaki. Endelea kugawa nusu kwa nusu mpaka ubaki na udongo mdogo unaoweza kuutandaza na kuuona. Mkono uwe bila pete wala saa.

Beba pia sumaku. Iburute kwenye udongo unaolia. Misumari na mawe mengi yenye chuma yatanasa, dhahabu haitanasa.

Viatu vyenye chuma mbele huifanya koili ilie, na simu mfukoni nayo inasumbua mashine. Ziweke mbali.

Programu za simu

Zipo programu zinazodai kuigeuza simu kuwa detekta. Simu ina kihisi cha sumaku kinachosaidia dira, na kinaweza kugundua chuma kilicho karibu sana. Dhahabu haina sumaku, kwa hiyo kihisi hicho hakiwezi kuiona, hata programu ikiwa ya kulipia. Vivyo hivyo kwa fimbo zinazouzwa kwa madai ya kuonyesha dhahabu, au hazina ya Wajerumani, kutoka mamia ya mita. Usiuze mbuzi kwa ajili ya vitu hivyo.

Sheria na usalama

Nchini Tanzania, Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu mtu kutafuta au kuchimba madini bila leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania na inadumu miaka saba, kisha inaweza kuhuishwa. Kama unapita na detekta kwenye leseni au shamba la mtu, pata kibali chake, na makubaliano ya mgao yaandikwe kabla ya kuwasha mashine. Dhahabu iuzwe kwenye soko la madini, ambako inapimwa mbele yako.

Fukia kila shimo. Shimo lililoachwa linavunja mguu wa ng'ombe, linamwangusha mtoto na kutuamisha maji ya mbu.

Katika maeneo yaliyopiganiwa vita, kama Kagera mwaka 1978 na 1979, mlio mkubwa unaweza kuwa bomu. Ukiona chuma cha mviringo kilichochongoka, usikigonge wala kukiinua. Weka alama, waondoe watu, toa taarifa polisi.

Uanze na kipi?

Kwa mwenye fedha kidogo anayetafuta dhahabu ndogo ya juu juu, ushauri wetu ni huu. Anza na kijiko cha plastiki na sumaku, maana vinapatikana leo. Kisha fanyia mazoezi mistari miwili inayokatana mpaka mkono uzoee. Fedha ya kwanza ikipatikana, nunua koili ndogo halisi ya mashine yako. Pointa ije baadaye. Itakuharakishia kazi kwenye vipande vikubwa na kwenye takataka za chuma, lakini haitachukua nafasi ya kijiko.

Na kwa wanaokodi mashine kwa siku: muulizeni mwenye nayo kama ana koili ndogo kabla ya kulipa. Huenda iko nyumbani kwake ndani ya boksi, haijawahi kufungwa kwenye mashine.