Kahawa Katika Tamthilia: Ya Kwanza na Zilizofuata

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Katika miaka ya 2000 tamthilia ya Cuando seas mía, iliyotengenezwa Meksiko mwaka 2001, ilivuma sana nchini Kenya. Sisi wa Holili, tunaopakana na Taveta, tulizijua habari za Paloma na Diego kama za majirani. Wachache walifahamu kwamba hadithi ile ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwingine.

Asili yake ni Café con aroma de mujer, iliyoandikwa na Fernando Gaitán na kuonyeshwa Kolombia mwaka 1994. Gaviota, msichana mchuma kahawa, anapendana na mjukuu wa mwenye shamba, kisha anapanda cheo katika biashara ya kuuza kahawa nchi za nje. Tukumbuke majira yenyewe. Mwezi Julai 1989 migao ya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ilisimamishwa, na bei ikaporomoka, Kolombia na Kilimanjaro pamoja. Watazamaji wa Gaitán waliijua hasara hiyo majumbani mwao.

Waliofuata walichukua walichotaka. Wameksiko wa 2001 waliibakiza kahawa. Mwaka 2007 wengine wa huko huko walitoa Destilando amor: kahawa ikaondolewa, ukaingia mmea wa jamii ya mkonge unaotengenezewa tequila. Mwaka 2021 Kolombia yenyewe iliirudia, na humo mzee mwenye shamba anamwahidi Gaviota hekta moja ya ardhi.

Kwa maoni yangu, kuirudia hadithi si kosa. La kupima ni kilichobaki na kilichoachwa. Mapenzi huhamishika kwa urahisi kutoka shamba hadi shamba. Kazi na historia yake hazihamishiki hivyo. Kwa sababu hiyo naihesabu ya 1994 kuwa bora, na ya 2021 naisifu kwa ile hekta, maana imeuliza ardhi ni ya nani.

Swali hilo linatuhusu. Kwetu mlimani wakulima wengi walichuma kahawa katika vihamba vyao wenyewe, bila kungoja ahadi ya tajiri. Mwaka 1925 waliunda KNPA, na mwaka 1933 ikafuata KNCU. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Kadhalika, akina mama walichuma, lakini kadi ya chama mara nyingi ilikuwa na jina la baba. Hapo pana visa vya kutosha tamthilia nzima, nami bado sijaiona.

Hapana budi ya kwanza ipatikane kabla ya kuzungumzia marudio. Waliopima kahawa katika vyama vya msingi enzi zile wanapungua. Basi kila mmoja wetu, apandapo nyumbani Desemba hii, aketi na mzee mmoja, na bibi mmoja pia, ayaandike wanayoyasema.