Matibabu ya Nafsi kwa Mwanamke Aliyedhulumiwa na Mumewe

AlhamduliLlaah. Suala hili hutufikia mara nyingi kutoka Unguja na Pemba: mwanamke amekwishatoka katika nyumba aliyokuwa akipigwa, eda imekwisha, lakini mlango ukibamizwa hushtuka, usiku halali, na akisimama kuswali machozi humzidi. Je, ni upungufu wa imani? Aende kwa mtaalamu au asomewe tu?

Si upungufu wa imani. Ni jeraha. Mwili uliozoea khofu kwa miaka huendelea kujihami hata hatari ikiondoka. Nabii Ya'quub ('alayhis-salaam) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe (Yuusuf: 84), na huzuni hiyo haikumtoa katika subra.

Kujitibu kumeamrishwa na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) katika Hadiyth ya Usaamah bin Shariyk iliyopokewa na Abu Daawuwd na at-Tirmidhiy. Wala si kwa mwili pekee: Abu Zayd al-Balkhiy, aliyefariki mwaka 322 H (934 M), aliandika kitabu kizima chenye sehemu ya mwili na sehemu ya nafsi, akazungumzia khofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi.

Kisomo cha Qur-aan hakipingani na mtaalamu. Tunachokikataa ni wale wanaomwambia kila mwenye huzuni kuwa ana jini, wakachukua pesa na kumfungia chumbani peke yake na mwanamme.

Katika tiba ya mazungumzo, mgonjwa hukutana na mtaalamu kwa wiki kadhaa. Fikra kama "mimi ndiye niliyemkasirisha" hutolewa nje na kupimwa, naye hurejea kidogo kidogo katika mambo anayoyaogopa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 umeipendekeza tiba hii kwa wanawake waliobaki na athari za kipigo ilhali kipigo chenyewe kimekwisha. Aliye bado ndani ya hatari aanze na usalama wake.

Wengi huona haya: "Si nitakuwa namsengenya baba watoto?" Hapana. Hind bint 'Utbah alimshitakia Mtume ubakhili wa mumewe Abu Sufyaan, na hakukatazwa (al-Bukhaariy na Muslim). An-Nawawiy amemtoa aliyedhulumiwa katika hukumu ya ghiybah anapomweleza mwenye uwezo wa kumsaidia. Aeleze kwa kadiri ya haja. Mtaalamu mwanamke ni bora. Akiwa mwanamme, isiwe khalwa.

Na wazee wetu wanaomrejesha binti kwa neno "subiri mwanangu" wasome al-Baqarah: 231, ambapo Allaah Amekataza mke kuzuiwa kwa ajili ya kumdhuru.

Unguja, pa kuanzia ni Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Aende na mama, dada au shoga anayemwamini. Siku ya kwanza ndiyo nzito.

Wa Allaahu A'lam.